Unaitakia Nini?

“Hiyo unaitakia nini, mama?”

Shangazi yangu aliulizwa swali hilo mara tatu, siku tatu tofauti, na watu watatu tofauti, katika ofisi moja ya kaunti hapa Pwani. Hakuna aliyemfokea. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye adabu zake, akamvutia kiti kwanza ndipo akauliza. Wa pili aliuliza huku akipekua droo. Wa tatu, mwanamke wa makamo, aliuliza kwa sauti ya kumwonea huruma: mtu mzima, jua lote hili, nauli ya kwenda na kurudi, kwa ajili ya makaratasi?

Alichokuwa akikitaka ni mkataba wa ujenzi wa wodi ya uzazi katika zahanati ya kijijini kwetu, pamoja na BQ, ile orodha ya vifaa na kazi ambayo mkandarasi hufanyia hesabu zake. Jengo lilianza kwa vigelegele, likapanda hadi kwenye linta, likasimama hapo. Masika mawili yamelinyeshea bila paa. Magugu yameota katika chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia, na mbuzi wa jirani huingia humo mchana kukimbia jua. Wajawazito wetu wanaendelea kupakizwa kwenye bodaboda usiku wa manane, mmoja mbele akiendesha, mmoja nyuma akimshikilia mgonjwa asidondoke.

Kila alipoulizwa, shangazi alijibu ukweli: anataka kujua kwa nini wodi haijakwisha. Na kila mara jibu hilo ndilo lililomfungia mlango. Wa kwanza alimwambia hayo basi si ya ofisi hii, aende kwa mwakilishi wadi. Wa pili akasema mwenye faili yuko semina, aje Jumanne. Wa tatu akamshauri awaachie wakaguzi wa hesabu, hiyo ndiyo kazi yao. Jioni ya siku ya tatu nilimkuta ameketi mkekani anajikanda magoti. Akanisimulia yote, neno kwa neno, kama mtu anayetafuta alipokosea. Hakuwa amekosea popote. Lile swali ndilo ambalo halikupaswa kuulizwa.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali. Miaka sita baadaye ikaja Sheria ya Kupata Taarifa, Nambari 31 ya 2016, iliyotokana na mswada wa Priscilla Nyokabi, wakati huo mwakilishi wa wanawake wa Nyeri bungeni. Sheria hiyo, katika kifungu chake cha 4, inasema haki ya raia haiathiriwi na sababu anayoitoa, wala na dhana ya ofisi kuhusu sababu aliyo nayo. Uitake kwa kesi, kwa utafiti, kwa gazeti, kwa udadisi tu, au kwa sababu mbuzi wanalala mahali ambapo mjukuu wako angezaliwa, yote ni sawa. Anayepaswa kutoa sababu ni ofisi, pale inapokataa.

Nimelifikiria sana swali hilo tangu siku ile, na ninaamini ndilo linaloiua haki hii kabla haijafika popote. Mtu akishakuuliza unaitakia nini, amejipa cheo cha kupima kama sababu yako inatosha. Amekugeuza mgeni katika nyumba yako mwenyewe. Nawe, bila kujua, unaanza kujieleza, unapunguza sauti, unataja jina la mtu mkubwa unayefahamiana naye, unasema samahani.

Lugha yetu nayo ina mchango hapo. Kwa Kiswahili tunaomba kazi, tunaomba maji, tunaomba radhi, tunamwomba Mungu. Neno ni lile lile. Anayekwenda “kuomba taarifa” anaingia ofisini na mwili wa mwombaji, kofia mkononi. Mimi ningependa tuseme kudai. Dai lina harufu ya deni, na deni ndilo hasa lililopo hapa: zile karatasi ziliandikwa kwa mshahara tunaoulipa, kuhusu fedha tulizozitoa, kwa jengo lililosimama kwenye ardhi yetu. Hata hivyo katika barua nimeendelea kuandika “naomba”, maana ndivyo barua za Kiswahili zinavyoandikwa na adabu haimpunguzii mtu haki. Ila ndani ya kichwa chako, unapopanda ngazi za ofisi, uwe unajua kwamba umekwenda kudai.

Usiku ule tukaandika barua. Nataka nieleze hatua kwa hatua, kwa sababu wengi hudhani kazi hii inahitaji wakili.

Ilikuwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Sheria inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyeweza kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaweza kulitoa kwa mdomo. Afisa ndiye mwenye wajibu wa kuliandika. Juu tukaweka jina la shangazi, sanduku la posta na nambari ya simu. Tukamwandikia mkuu wa ofisi mwenyewe, kwa sababu sheria imemfanya yeye kuwa afisa wa kutoa taarifa hadi pale atakapomteua mwingine. Kisha tukataja vitu vinne kwa majina: mkataba, BQ, vyeti vya malipo, ripoti za ukaguzi wa mhandisi. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Ukiandika “naomba taarifa zote kuhusu wodi”, umempa karani bahari aiteke kwa kikombe. Ukiandika “vyeti vya malipo vya mradi huu, cha kwanza hadi cha mwisho”, umemwonyesha rafu. Hatukuandika shutuma hata moja, wala sababu. Shangazi alitaka tuongeze mstari kuhusu wale wajawazito. Nikamzuia, na moyo uliniuma kumzuia.

Asubuhi tulikwenda saiba, kijana akaichapa na kutoa nakala mbili. Katika masijala ya ofisi ile tukakabidhi moja, na ya pili tukaomba igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani alisitasita kidogo, akauangalia muhuri, akamwangalia shangazi, akagonga. Sauti ya muhuri ule bado ninayo masikioni. Kwa safari tatu shangazi alikuwa maneno tu, na maneno hayana tarehe. Sasa alikuwa karatasi ndani ya nyumba ya makaratasi. Ilikuwa Jumatano.

Kutoka tarehe ile ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ikihitaji muda zaidi kwa sababu nyaraka ni nyingi au inabidi kushauriana na wengine, inaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, na ikujulishe. Ikiwa faili iko ofisi nyingine, haitakiwi kukurudisha nyumbani. Inachotakiwa ni kulihamishia ombi huko ndani ya siku 5 na kukuarifu. Kuomba hakulipiwi. Utakacholipia ni gharama ya kutoa kopi na kukufikishia. Na wakikaa kimya hadi siku zikaisha, kimya hicho kinahesabiwa kuwa wamekataa, nawe una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa tume inayoshughulikia haki katika utawala, ile wengi tunaijua kwa jina la Ombudsman. Lile la kimya ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kimya cha ofisi kilikuwa silaha isiyoacha alama. Sheria imekipa jina na tarehe.

Siku ya 20 simu ililia. “Mama, njoo uchukue makaratasi yako.”

Yako. Nilimwambia shangazi alitunze neno hilo.

Lakini kabla sijasema kulikuwa na nini ndani ya bahasha, niseme kwanza kuhusu wale wa upande wa pili wa meza, kwa sababu si haki kuwapaka wote rangi moja. Mtumishi wa umma nchini mwetu huanza kazi kwa kutia saini tamko chini ya Sheria ya Siri Rasmi, Sura ya 187, iliyotungwa mwaka 1968. Nimewauliza watumishi kadhaa ninaofahamiana nao: wote wanaikumbuka karatasi ile ya siku ya kwanza, na hakuna aliyekumbuka kupewa karatasi yoyote kuhusu sheria ya 2016. Ukiwa karani mwenye watoto watatu shuleni, unajua kwamba kutoa waraka kunaweza kukugharimu kazi, na kuuzuia hakujawahi kumgharimu mtu unayemjua. Nani atajitoa mhanga kwa ajili ya mama asiyemfahamu?

Na kuna faili zenyewe. Nilichungulia masijala ile siku ya muhuri. Majalada ya kaki yamefungwa kwa kamba za katani, yamepangwa hadi dari, mengine sakafuni chini ya dirisha lenye kioo kilichovunjika, ambapo mvua ya kusi huingia. Katikati ya yote yale amekaa mzee mmoja mwenye daftari kubwa la kuandikia faili inayotoka na inayorudi: jalada gani, amechukua nani, tarehe ngapi. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndiye aliyeitafuta faili yetu kwa siku mbili, akaikuta katika chumba cha ofisi ambayo haikuwa na haja nayo. Sheria iliwapa wenye nyaraka za umma miaka mitatu kuziingiza kwenye kompyuta. Miaka hiyo ilikwisha 2019. Ukiambiwa “faili haionekani”, pengine ni uongo, na pengine ni mzee mmoja, daftari moja, na kioo kilichovunjika. Kwa mwananchi matokeo ni yale yale, ila dawa yake ni tofauti: mwongo anahitaji mahakama, na yule mzee anahitaji rafu, msaidizi, na mtu wa kumwambia kwamba kazi yake ndiyo nguzo ya haki hii nzima.

Mahakama, Mombasa tumeiona ikifanya kazi hiyo. Reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi ilipoanza 2017, na miaka miwili baadaye amri ikatolewa kwamba makasha yapandishwe treni kwa lazima, watu wa huku hawakuhitaji mchumi wa kuwaeleza. Walioishi kwa malori walijua: madereva na matanboi, mafundi wa gereji, kina mama wa chakula kando ya barabara kutoka Changamwe hadi Mariakani. Wakaandamana. Pamoja na hilo kukawa na uvumi uliotembea nyumba hadi nyumba kwamba bandari yenyewe imewekwa rehani kwa Wachina. Hapakuwa na wa kuuthibitisha wala wa kuukanusha akaaminika, kwa sababu mikataba ilikuwa imefungiwa.

Khelef Khalifa, mwanaharakati wa Mombasa, pamoja na Wanjiru Gikonyo, walifanya alichofanya shangazi yangu, kwa kiwango chao: wakaiandikia Serikali kuomba mikataba. Walipokosa kupewa, wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2021. Serikali ikajitetea kwamba mikataba ile ina vipengele vya usiri. Tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo akaamua kwamba kuwanyima ilikuwa kuvunja haki yao, na akaagiza wapewe. Mwezi Novemba mwaka huo, serikali ikiwa imebadilika, waziri wa uchukuzi Kipchumba Murkomen akaziweka hadharani hati za mikopo ya 2014 kutoka Benki ya Exim ya China. Ndipo wananchi wakasoma kwa macho yao kwamba mgogoro ukizuka utaamuliwa Beijing, na kwamba mkopaji alijifunga kutunza siri ya masharti yale.

Tafakari kipengele hicho cha mwisho. Wawili wameketi wakaandikiana kwamba mlipaji asijue anacholipa. Wanaotetea usiri husema taarifa zikitoka ovyo zitazua fujo. Kwa Mombasa ilikuwa kinyume. Miaka yote ile ya uvumi wa rehani, hofu katika nyumba za watu wa bandarini ililelewa na waraka uliofungiwa. Na sisemi kila kitu kifunguliwe. Sheria ina mambo inayoyalinda, na mengi nayaunga mkono kwa moyo wote: usalama wa taifa, uhai wa mtu, siri ya mgonjwa. Sitaki jirani yangu aende kuomba faili yangu ya hospitali. Lakini mkataba wa reli, au wa wodi ya vyumba vinne, si kidonda cha mtu binafsi.

Tulirithi wapi desturi ya kuficha? Sipendi kumrushia mkoloni kila lawama, maana tumejitawala tangu 1963 na mengi ni yetu wenyewe. Lakini hili lina karatasi zake. Mwaka 1961 waziri wa makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alielekeza kwamba serikali mpya zisiachiwe nyaraka ambazo zingeifedhehesha serikali ya Malkia. Nyingine zichomwe, na maelekezo yakaeleza hata majivu yavurugwe. Zikizamishwa baharini, ziwe ndani ya makasha yenye uzito, mahali penye kina kirefu pasipo mkondo, mbali na pwani. Nyingine zikasafirishwa Uingereza na kufichwa Hanslope Park, kituo cha wizara ya mambo ya nje, mamia ya masanduku kutoka Kenya peke yake. Kwa nusu karne watafiti hawakuambiwa hata kwamba zipo.

Zilitoka 2011, kwa sababu wazee wa Mau Mau walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambini, na mahakama ikataka nyaraka. Zilikuwa faili zipatazo 8,800 kutoka makoloni 37. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228, jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama. Wale wazee walikuwa na makovu mwilini miaka yote hiyo, na makovu hayakutosha. Karatasi iliyosema kwamba wakubwa walijua ndiyo iliyowapa nguvu. Ninapofikiria makasha yale mazito yakishushwa katika maji yenye kina, huwa najiuliza ni makovu ya nani yamelala na karatasi zake chini kule, hayatapata shahidi kamwe.

Majirani zetu wako safari hiyo hiyo, kila mmoja na hatua yake. Uganda ilitutangulia sote, na sheria yake ya 2005, ingawa waandishi wawili, Charles Mwanguhya Mpagi na Angelo Izama, walipoitumia kutaka mikataba ya mafuta, mahakama ya Nakawa iliwakatalia mwaka 2010. Tanzania ilipitisha yake 2016, mwaka mmoja na yetu, na imeipa ofisi siku 30 za kujibu.

Sheria zote hizo tatu zinataja raia, na hapo pana jambo linaloniumiza kama mtu wa Pwani. Kwa muda mrefu tumeishi na ndugu wasio na kitambulisho. Wamakonde wa Kwale walitambuliwa kuwa raia 2016, baada ya kutembea kwa miguu kwenda Nairobi. Wapemba wa Kilifi na Kwale walisubiri hadi 2023. Watu hao walilipa kodi dukani kwa kila kibiriti na kila kipande cha sabuni, wakazalia katika zahanati hizi hizi, na kama wangekwenda masijala na barua, wangeulizwa kitambulisho kwanza. Waliobaki nje ya daftari la uraia hata leo bado wangeulizwa. Ningependa siku moja Bunge lilitazame upya neno lile.

Na ningependa zaidi barua hizi zisihitajike. Sheria ya 2016 inazitaka ofisi zitangaze zenyewe mambo ya msingi, pamoja na maelezo ya mikataba zinayotia saini, bila kungoja kuombwa. Kama mkataba wa wodi yetu ungebandikwa kwenye ubao wa chifu siku ulipotiwa saini, pale pale panapobandikwa matangazo ya mnada wa mbuzi, shangazi asingepanda matatu mara tano. Karatasi nne na pini nane zingetosha.

Sasa bahasha. Zilikuwa kurasa 14, kopi kwa shilingi 10 kila ukurasa, na risiti ikatolewa. Mkataba ulikuwemo, BQ ilikuwemo, vyeti viwili vya malipo vilikuwemo. Vyote kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe cha wahandisi. Shangazi aliziweka mezani, akavaa miwani, akazitazama muda mrefu. Kisha akamwita fundi.

Fundi huyu ni kijana wa kijijini, amejenga nusu ya nyumba za matofali tulizo nazo. Hakusoma mbali, lakini BQ aliisoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Alipita kidole ukurasa wa tano, akasimama. Akaomba tuende kwenye jengo. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, mbuzi wakatoka mbio. Alipanda juu ya rundo la matofali, akafika pale nondo zilipochomoza juu ya linta, zimeshika kutu, akatoa kipimo mfukoni.

“Shangazi, karatasi inasema nondo za milimita 12.”

“Na hizo?”

“Hizi ni za 10.”

Akapima ya pili, ya tatu, ya nne. Kijiji chetu kimelalamika miaka miwili kuhusu wodi ile. Tumesema wamekula, tumesema hakuna serikali, tumesema yote yasemwayo barazani, na mwakilishi wadi amezoea kuyasikia na kutikisa kichwa. Katika kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti, wiki mbili baadaye, shangazi alisimama akasema ukurasa wa tano unataka nondo za milimita 12, zilizoko ni za 10, na cheti cha pili cha malipo kimeidhinisha kazi hiyo kuwa imekamilika. Naomba aliyeidhinisha atueleze alipimaje. Ukumbi ulinyamaza. Afisa aliyekuwa mbele alifungua daftari lake, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiandika.

Wodi bado haina paa ninapoandika haya. Na katika bahasha ile, vitu tulivyoomba vilikuwa vinne, vilivyokuja ni vitatu. Ripoti za ukaguzi wa mhandisi hazikuwemo, wala barua ya kueleza kwa nini. Jumanne jioni shangazi alinipigia simu niende na kalamu. Safari hii alitaka kuisema barua yeye mwenyewe, mimi niandike tu, na hakutaja wajawazito, wala mbuzi. Alitaja ripoti, jina la mradi, na tarehe ya barua yake ya kwanza. Tuliipeleka asubuhi yake. Karani hakumuuliza anaitakia nini. Alichukua muhuri, akageuza tarehe, akagonga nakala zote mbili.

Siku ya 21 itaangukia Jumatano.